Marehemu Fabisch na noti za Yaoundé: funzo kwa makocha wetu wa Kibera na Kawangware

Wapenzi wa kandanda wa rika langu wakilisikia jina la Reinhard Fabisch hukumbuka mambo mawili: timu iliyocheza kwa moyo, na kocha asiyeweza kukaa kwenye benchi. Mjerumani huyu aliifundisha Harambee Stars mara tatu: mwaka 1987, kisha 1996 hadi 1997, na tena 2001 hadi 2002. Alifariki Julai 2008 kwa maradhi ya saratani, akiwa na umri wa miaka 57. Vijana wanaosukuma mpira leo wengi hawamjui. Nataka wamjue, na zaidi ya vijana, nataka makocha wao wamjue.

Sababu yangu ni hii. Mimi ni mtu wa pwani, lakini riziki imeniweka Kawangware miaka mingi sasa, na Jumamosi na Jumapili utanikuta kando ya uwanja. Nikitoka Kawangware nashuka Kibera, naswali Makina, kisha nakwenda kutazama watoto wakicheza. Wachezaji wazuri wapo, tena wengi. Kinachonisikitisha ni kuona timu zikivunjika kwa sababu ya ulimi na mikono ya wakubwa wanaoziongoza. Refa wa mashindano ya mtaani hulipwa pesa ya nauli na soda, na mara nyingine hata hiyo hapati. Akipuliza penalti, makocha wawili humvaa, mashabiki wakafuata nyuma, na mechi ikaishia hapo. Wakubwa wakigombana, wanaopoteza mechi ni watoto.

Ukimkanya kocha wa namna hiyo, jibu lake liko tayari. Atakwambia kandanda haichezwi na watu baridi, na kwamba makocha wakubwa wote walikuwa wakali. Atakutajia majina ya Ulaya. Mimi nimeamua kumtajia jina la karibu zaidi, la mtu aliyefanya kazi yake hapa hapa Nairobi.

Fabisch alizaliwa Ujerumani Agosti 1950. Alipokuja kuishika Kenya mwaka 1987 hakuwa na jina kubwa. Nchi nayo ilikuwa na deni na mashabiki wake. Chini ya Marshall Mulwa, Harambee Stars ilikuwa imechukua Kombe la CECAFA mara tatu mfululizo, 1981, 1982 na 1983, na watu walikwisha onja utamu. Halafu Nairobi ikapewa kuandaa Michezo ya Afrika ya mwaka 1987. Uwanja mpya wa Kasarani ulikuwa umejengwa, na kila Mkenya alitaka kuona timu yake ikifanya kitu pale.

Na kitu kilifanyika. Timu ya Fabisch ilifika fainali. Ilicheza na Misri, ikafungwa bao 1-0, ikachukua medali ya fedha. Watu waliokuwa Kasarani siku ile hadi leo wanaisimulia kwa uchungu mtamu, maana Kenya haikuwa imezoea kusimama na Misri kifua kwa kifua. Ndipo jina la Fabisch likaingia majumbani. Alikuwa mtu wa kupiga kelele, kuruka, kulalamika, kukumbatia. Mashabiki walimpenda kwa hayo. Mwananchi wa kawaida akimwona mgeni anaumia kwa ajili ya bendera yake, humsamehe mengi.

Baada ya Kenya, mlango mkubwa ulimfungukia Zimbabwe, na huko ndiko hasira yake ilikopimwa mbele ya dunia nzima. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Zimbabwe ilikuwa na kizazi cha wachezaji ambacho haijapata tena kwa urahisi: kipa Bruce Grobbelaar aliyekuwa Liverpool, Peter Ndlovu aliyekuwa Coventry, na mfungaji Agent Sawu. Fabisch aliwachukua akawafanya timu moja iliyoogopwa. Lengo lilikuwa Kombe la Dunia la 1994 nchini Marekani.

Mwezi wa Februari 1993 walikwenda Cairo kucheza na Misri. Zimbabwe ilihitaji sare tu ili isonge mbele. Misri ikashinda 2-1. Lakini mechi ile haikuwa ya mpira peke yake. Kutoka majukwaani vilirushwa vitu, na mawe yakawafikia watu wa Zimbabwe. Fabisch mwenyewe alipigwa kichwani. Fikiria hali ile, ndugu yangu. Umeondoka kwenu na vijana, mmefungwa, na damu inakutoka. Kama kuna siku ambayo kocha angesamehewa kupandwa na wazimu, ilikuwa ile.

Zimbabwe ilipeleka malalamiko FIFA. Kulikuwa na maafisa walioshuhudia, kulikuwa na majeraha, kulikuwa na kitu cha kuandikwa kwenye karatasi. FIFA ikaamua mechi irudiwe, tena nje ya Misri. Ikapangwa Lyon, Ufaransa, mwezi wa Aprili. Matokeo yakawa 0-0, na sare ile ikaipeleka Zimbabwe hatua ya mwisho. Misri, pamoja na uwanja wake na umati wake, ikabaki nyumbani. Haki ilipatikana kwa sababu aliyedhulumiwa alikuja na ushahidi, na upande wake hakukuwa na kosa la kumfunika.

Lishikeni hilo la Cairo, maana sasa tunakwenda Yaoundé.

Hatua ya mwisho iliwakutanisha Zimbabwe, Cameroon na Guinea, na tiketi ilikuwa moja tu. Mwaka ule wenyewe ulikuwa mzito. Katikati ya 1993 Zimbabwe ilitoka sare ya 1-1 na Zambia mjini Harare, bao la Zambia likifungwa na Kalusha Bwalya, na nafasi ya kwenda Kombe la Mataifa ya Afrika ikawaponyoka Wazimbabwe. Zambia wenyewe walikuwa wametoka kuzika timu nzima iliyoanguka na ndege kwenye bahari ya Gabon mwezi wa Aprili, kwa hiyo hata kuwaonea wivu ilikuwa vigumu. Fabisch na vijana wake walikuwa wamebakiwa na tumaini moja, Marekani, na tumaini lile lilikuwa Yaoundé, Oktoba 1993, dhidi ya Cameroon.

Wakafungwa 3-1. Cameroon ikaenda Marekani. Wazimbabwe waliamini, na wengi wanaamini hadi leo, kwamba refa aliwaonea. Mimi sitasema kama ni kweli au si kweli, maana mtu hahukumiwi kwa hisia. Ninachojua ni alichofanya Fabisch. Alitoa noti za fedha akamwonyesha refa mbele ya macho ya watu. Maana yake kila mtu aliielewa bila kutafsiriwa: wewe umenunuliwa.

Kitendo kile kilichukua muda mfupi sana, lakini tazama kilivyobadilisha mambo. Ikiwa kweli Zimbabwe ilikuwa na malalamiko, malalamiko yale yalikufa pale pale. Hakuna aliyeuliza tena juu ya maamuzi ya uwanjani. Swali likawa moja tu: kocha huyu apewe adhabu gani? FIFA ikamfungia. Mtu aliyekwenda Yaoundé kama mdai akarudi kama mshtakiwa. Timu iliyopata haki yake Aprili kwa karatasi na ushahidi, Oktoba ikakosa hata mahali pa kusimama na kudai.

Hapo ndipo nawaomba makocha wa Kibera na Kawangware wakae wafikirie. Fabisch wa Cairo na Fabisch wa Yaoundé ni mtu yule yule, mwaka ule ule, na timu ile ile. Mara ya kwanza alipigwa jiwe akapata mechi mpya. Mara ya pili hakuguswa na mtu, lakini mkono wake mwenyewe ukamtia hatiani. Wahenga waliposema hasira hasara hawakuwa wanatafuta vina. Walikuwa wanapiga hesabu.

Najua kuna atakayesema kwamba hasira ile ilikuwa ya haki, na mtu mwenye damu hawezi kunyamaza akiona dhuluma. Nakubali kwamba kunyamaza si dawa. Kocha aliyeona vijana wake wakidhulumiwa na asiumie, huyo hafai kuwafundisha. Lakini hasira ni kama moto wa jiko. Ukiwa ndani ya jiko unapika, ukitoka nje unachoma nyumba, na moto ni ule ule. Kazi ya kocha ni kuulinda usitoke, maana ana watu nyuma yake. Mtu anayejitegemea peke yake akichoma, anaungua yeye. Kocha akichoma, wanaungua vijana 20 na wazazi wao.

Kule Uingereza alikuwepo Brian Clough, aliyeichukulia Nottingham Forest Kombe la Ulaya mara mbili, 1979 na 1980. Yeye alikuwa na sheria kali kwamba mchezaji wake asibishane na refa, na timu zake zilisifika kwa adabu hiyo. Lakini mwezi wa Januari 1989 mashabiki walipoingia uwanjani kushangilia ushindi, Clough mwenyewe aliwapiga makofi, na kamera zikamnasa. Akatozwa faini, akazuiwa kukaa kando ya uwanja. Namtaja kwa sababu moja: kuwafundisha wengine utulivu hakumfanyi mwalimu kuwa mtulivu. Ni kazi mbili, na ya pili ndiyo ngumu.

Turudi kwa Fabisch. Kenya ilimwita tena mwaka 1996. Adhabu na sifa ya ukali havikumfungia mlango, na hilo linaonyesha jinsi watu walivyothamini kazi yake. Safari hii ilikuwa mechi za kufuzu Kombe la Dunia la 1998 nchini Ufaransa, na Kenya ilipangwa na Nigeria, Guinea na Burkina Faso. Nigeria ilikuwa imetoka kuchukua dhahabu ya Olimpiki mjini Atlanta, timu iliyowafunga Brazil na Argentina. Ikaja Nairobi, ikatoka na sare ya 1-1. Mwishoni Nigeria ndiyo iliyokwenda Ufaransa, lakini Kenya haikuaibika. Mashabiki wakakumbuka ule mwaka 1987 na kuona kwamba Mjerumani bado ana dawa yake.

Aliondoka, akaitwa tena 2001, akaondoka tena 2002. Mtu anayeitwa mara tatu na kuondoka mara tatu ni mtu mwenye kitu kizuri ambacho watu hawataki kukikosa, na pia ni mtu ambaye mahali hapamtulizi. Kandanda yetu nayo haikuwa ya kumtuliza mtu. Maandalizi ya kubahatisha, viongozi wa shirikisho wanaogombana, posho zinazochelewa. Hayo yangemkasirisha hata mtu mpole.

Mlango wa mwisho wa maisha yake ndio ulionifanya niandike makala haya. Mwishoni mwa mwaka 2007 alichukuliwa kuifundisha Benin, muda mfupi kabla ya fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika zilizochezwa Ghana Januari na Februari 2008. Benin ilikuwa ndogo katika kundi la wakubwa. Ikafungwa na Mali 1-0, ikafungwa na Ivory Coast 4-1, ikafungwa na Nigeria 2-0. Mechi tatu, vipigo vitatu, safari ya nyumbani. Ukitazama jedwali utasema hapakuwa na kitu cha kukumbukwa.

Lakini kilikuwepo. Katika siku zile Fabisch alieleza hadharani kwamba alifuatwa na mtu kutoka Asia, wa biashara ya kamari, akitaka matokeo ya Benin yapangwe kwa malipo. Fabisch alikataa. Kisha hakukaa nalo rohoni. Alilisema waziwazi mbele ya waandishi wa habari, kwa maneno, bila kumrukia mtu.

Ione picha hiyo, ndugu msomaji. Yule yule aliyempungia refa noti mwaka 1993 kwa kudhani amenunuliwa, miaka 15 baadaye noti zinaletwa kwake yeye. Shida yake kubwa, fedha kuuharibu mchezo, ilikuja ikamgongea mlango. Angeweza kufanya kama Yaoundé: kupiga kelele, kutukana, kutupa. Angeweza pia kunyamaza, maana timu yake ilikuwa inafungwa hivyo hivyo na hakuna ambaye angejua. Alichagua njia ya tatu, kusema jambo lilivyo, wazi, kwa ulimi uliotulia. Safari hii hakuna chama kilichomfungia. Alichokisema kilibaki kimesemwa.

Na muda ulimsadikisha. Yeye alikufa Julai ile ile ya 2008, miezi michache tu baadaye. Lakini mwaka 2011 Wilson Raj Perumal, raia wa Singapore, alikamatwa na kufungwa jela nchini Finland kwa kupanga matokeo ya mechi, na dunia ikaanza kuona mtandao ulivyokuwa mrefu. Kwetu sisi uliingia hadi ndani: mwaka 2019 FIFA ilimfungia miaka 10 mchezaji wa zamani wa Harambee Stars kwa kesi ya kupanga matokeo. Onyo la Fabisch kuhusu fedha za kamari lilikuwa la kweli, na liliwahi kabla ya wengi. Leo kijana wa Kibera ana kamari ndani ya simu yake, na mashindano ya mtaani nayo yana watu wanaowekeana dau kando ya uwanja. Kocha anayejua kusema kwa utulivu kwamba mchezo umeuzwa anahitajika sasa kuliko alivyohitajika 1993.

Sasa nieleze kwa nini haya yananigusa. Msimu mmoja timu ya watoto wa chini ya miaka 15, si mbali na ninapoishi, ilikuwa imefika nusu fainali ya mashindano ambayo walikuja watu kutafuta wachezaji wa kuwapeleka shule kwa ufadhili. Refa alikataa bao. Kwa macho yangu lilikuwa bao halali. Kocha wao akaingia uwanjani, akamsukuma refa kifuani, akaamuru watoto watoke. Timu ikatolewa mashindanoni siku ile ile. Wale waliokuja kutafuta wachezaji walikaa wakatazama timu nyingine. Kulikuwa na kijana wa kiungo, mama yake anauza mboga njiani, ambaye kila mtu pale alijua kuwa ndiye mchezaji bora wa mashindano. Hakuna aliyemwona akicheza nusu fainali. Kocha alikuwa na haki kuhusu bao, na haki yake haikumsaidia mtoto kwa lolote. Ilikuwa Yaoundé ndogo, bila kamera.

Kwa hiyo nina maneno machache kwa makocha wenzetu, kuanzia Gatina na Congo hadi Laini Saba na Lindi. Kwanza, andikeni. Kila timu iwe na mtu mmoja mwenye daftari, anayeandika dakika, tukio na majina ya walioshuhudia. Malalamiko yaliyoandikwa husomwa, na yaliyopigiwa kelele hucheka nayo watu. Pili, kabla ya mechi kubalianeni na msaidizi wako kwamba akikuona damu imepanda, atakushika mkono na kukukalisha, nawe umtii bila kumwuliza. Tulipokuwa chuoni tulifundishwa kwamba aliyekasirika akiwa amesimama na akae, na bado hasira isipoondoka basi alale. Waliotufundisha walijua kuwa mwili ukishushwa, roho huufuata. Tatu, refa ni kijana wa mtaa huu huu. Kesho utamkuta sokoni, kesho kutwa utamwomba achezeshe mechi yako. Ukimpiga leo, kesho utachezeshwa na nani?

Na kwa waandalizi wa mashindano: tafadhalini, adhabu ya kocha iwe ya kocha. Mtoeni yeye nje, mfungieni yeye mechi, lakini waacheni watoto wamalize mchezo wao. FIFA ilipomfungia Fabisch haikuifuta Zimbabwe.

Mtu akipimwa kwa siku yake mbaya, Fabisch atabaki kuwa kocha wa noti. Akipimwa kwa siku yake nzuri, atabaki kuwa kocha wa Kasarani na fainali ile ya 1987. Mimi ningependa apimwe kwa siku zile za Ghana alizokuwa anafungwa kila mechi, tayari karibu na mwisho wa maisha yake, fedha ziko mezani, naye akasema hapana na kuwaeleza watu. Ilimchukua miaka 15 kutoka Yaoundé kufika pale. Makocha wetu hawahitaji kungoja muda huo. Mechi ijayo ni Jumamosi.